Kuchora Utaratibu wa Kazi Unaohimili Mabadiliko

Mwezi Desemba 2016, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwapa fedha baadhi ya wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ili wajinunulie chakula badala ya kupokea mgao. Lilianza na watu wapatao 10,000. Agosti 2017 mpango huo ulisitishwa kufuatia uamuzi wa serikali, na walengwa wakarudishwa kwenye unga, mafuta na chumvi. Mwezi huohuo, uhaba wa michango ya wafadhili ulifanya mgao upunguzwe hadi asilimia 62 ya kiwango kamili.

Mjadala wa fedha au chakula una mahali pake. Mimi kazi yangu ni kusaidia taasisi kupanga taratibu zao, na naona hapa somo linalomhusu kila mfanyabiashara. Katika miezi tisa, aina ya msaada ilibadilika mara mbili na kiasi chake kikapungua. Hata hivyo, kuandikisha kaya, kuhakiki idadi ya watu wake, kumtambua anayepokea na kutunza kumbukumbu ni kazi zilizobaki kuhitajika wakati wote. Kinachobadilika na kisichobadilika hukaa pamoja ndani ya utaratibu mmoja. Ustadi wa mchoraji ni kuvitenganisha mapema, kabla mabadiliko hayajabisha hodi.

Wataalamu huchora taratibu kwa alama za kimataifa ziitwazo BPMN, ambazo toleo lake la pili lilitolewa mwaka 2011. Mduara ni mwanzo au mwisho, kisanduku ni kazi, mshale ni mfuatano, na umbo la almasi ni njia panda ambapo kazi hugawanyika kulingana na hali. Kalamu na karatasi vinatosha kuanza.

Tuchukue kikundi cha wafuga nyuki wa Kibondo. Asali inapokelewa, inapimwa uzito na unyevu, inachujwa, inafungashwa, inauzwa, kisha mfugaji analipwa. Leo mnunuzi anaichukua kwa ndoo. Mwakani duka la Dar es Salaam linataka chupa zenye lebo na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwingine anataka kulipa nusu kabla, nusu baada. Kikundi kilichoandika kila kitu katika mfuatano mmoja mrefu kitalazimika kuufumua wote kila anapokuja mteja mpya.

Kuna mambo matatu ya kufanya. Kwanza, toeni bei, viwango na asilimia ndani ya maelezo ya kazi, mviweke kwenye jedwali moja lenye tarehe ya kuanza kutumika na jina la mwenye mamlaka ya kulibadilisha. Karani aambiwe “lipa kwa bei ya jedwali”, asiandikiwe bei yenyewe. Bei ikipanda, mnabadilisha mstari mmoja tu, na hakuna karani atakayebaki akilipa kwa bei ya zamani.

Pili, acheni nafasi wazi pale mnapojua kuwa njia zitaongezeka. Kisanduku cha “fungasha” kibaki kimoja katika mchoro mkuu, na ndani yake kuwe na michoro midogo: ya ndoo, ya chupa, na kesho ya kitu kingine. Mchoro mkuu hautaguswa.

Tatu, na hili ndilo husahaulika zaidi, amueni mapema hatima ya kazi zilizo njiani. Utaratibu mpya unapoanza Jumatatu, asali iliyopokelewa Ijumaa italipwa kwa bei ipi? Kuna majibu matatu: imalizike kwa utaratibu wa zamani, ihamishiwe kwenye mpya, au isimame hadi mwenye mamlaka aamue. Kila jibu linaweza kuwa sahihi. Kosa ni kumwachia karani abuni jibu lake mbele ya foleni ya wafugaji.

Lakini si kila hatua inapaswa kukunjika. Kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kinataka unyevu wa asali kwa ujumla usizidi asilimia 20, kwa kuwa asali yenye maji mengi huchacha. Kipimo hicho kisirukwe hata mnunuzi akiwa na haraka. Kadhalika, stakabadhi ya mfugaji na saini ya watu wawili kwenye malipo vibaki palepale. Hatua hizi zikiwa imara, kikundi kinaweza kubadili mengine yote bila wanachama kuingiwa na shaka juu ya fedha zao.

Wiki hii, kaeni na karani, mpimaji na dereva, mchore kazi inavyofanyika kweli. Kwenye kila kisanduku ulizeni: hiki kilibadilika lini mara ya mwisho, na nani aliamua? Visanduku ambavyo hakuna anayeweza kuvijibia ndivyo vya kurekebisha kwanza.