WATUMISHI WA CHAMA NA LENGO MOJA

Kila mwaka mkutano mkuu wa chama cha msingi hupitisha makisio ya mapato na matumizi. Humo hutajwa kilo za mazao zitakazokusanywa, mkopo utakaolipwa na fedha zitakazowafikia wanachama. Hilo ndilo lengo la chama. Aghalabu, hata hivyo, makisio hayo hufungiwa kabatini mwa meneja, na karani wa mizani, mtunza ghala na dereva huendelea na kazi bila kujua yaliyoamuliwa. Hapo kila mtumishi hujitungia lengo lake mwenyewe.

Hasara yake huonekana katika zao. Mkulima wa chai wa Rungwe au Mufindi huchuma majani mawili na chipukizi, na majani hayo hayana budi kufika kiwandani mapema siku ile ile. Karani akipokea majani magumu ili kilo ziwe nyingi, au dereva akikawia njiani, majani hupata joto na kuharibika. Kahawa mbivu nayo yapasa kumenywa siku iliyochumwa. Ikichanganywa na mbichi, ladha hushuka na bei hushuka pamoja nayo. Mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13.5 huota ukungu ghalani. Katika yote hayo, alipaye ni mwanachama.

Yafaa ieleweke kwamba mtumishi hufuata kile anachopimwa nacho. Karani asifiwaye kwa wingi wa kilo tu hatakataa mzigo mbovu. Kwa hiyo chama kitakacho ubora hakina budi kuuweka ubora katika kipimo cha kazi yake.

Jambo hili si geni nchini. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi ubezi na uonevu. Maana yake ni kwamba amri peke yake haijengi nia moja. Mtu hushika kwa bidii jambo aliloelezwa sababu yake na kuulizwa maoni yake.

Halmashauri za vyama zaweza kuanza hivi:

(a) Baada ya mkutano mkuu, meneja awasomee watumishi wote makisio na kuyaeleza kwa lugha nyepesi.

(b) Kila mtumishi aandikiwe sehemu yake: karani, mizani sahihi na zao safi, mtunza ghala, unyevu na hesabu ya magunia, mhasibu, malipo kwa wakati.

(c) Kila mwezi wa msimu wakutane, walinganishe makisio na hali halisi, na aliye chini kwa cheo asikilizwe kwanza, kwani ndiye aonanaye na mkulima.

(d) Meneja na wajumbe wapimwe kwa lengo lile lile. Mtumishi hawezi kubana matumizi huku posho za vikao zikiongezeka.

Mwanachama apunjwaye mizanini hangoji mkutano kulalamika. Msimu ufuatao hupeleka zao lake kwa mlanguzi, na chama hubaki na deni la pembejeo lisilo na zao la kulilipia. Lengo la chama, basi, hutimizwa au huvunjwa pale mizani inaposomwa.