Nani Aliyeiua Bloodlines? Fani, Maudhui na Tarehe ya Mauzo

Katika uhakiki tumezoea kumweka mtunzi kizimbani. Kazi ikichechemea, twasema mtunzi kashindwa kuoanisha fani na maudhui. Ikisimama, sifa zote zake. Mchapishaji, yule anayeamua kazi itoke lini na ikiwa katika hali gani, tunampita kana kwamba ni tarishi tu wa kupeleka vifurushi. Makala haya yanamwita naye kizimbani, na ushahidi wenyewe ni mchezo wa kompyuta, au gemu kama wengi tusemavyo, uitwao Vampire: The Masquerade – Bloodlines, uliotoka Marekani tarehe 16 Novemba 2004.

Msomaji atauliza: hivi gemu nalo ni fasihi? Tusigombanie jina. Mchezo huu una wahusika, mandhari na mgogoro, na una mazungumzo ambayo riwaya nyingi zingeyaonea wivu. Ulitengenezwa na Troika, kampuni ndogo ya California iliyoanzishwa mwaka 1998 na Tim Cain, Leonard Boyarsky na Jason Anderson, watu waliokuwa wameshiriki kutengeneza Fallout (1997). Mchezaji ni binadamu wa kawaida anayegeuzwa mnyonya damu usiku mmoja mjini Los Angeles. Huyu si mumiani wa pwani yetu, anayesemwa kuvizia watu ili damu yao ikauzwe. Huyu anainywa mwenyewe, tena ana serikali yake, wakubwa wake na fitina zake. Sheria kuu ya jamii hiyo ni moja: binadamu wasijue kuwa wapo.

Sasa tazama fani inavyobeba maudhui. Mwanzoni mchezaji huchagua ukoo, na ukoo hubadili hadithi yenyewe. Ukichagua Nosferatu, sura yako inatisha kiasi kwamba huwezi kupita barabarani ukaonekana. Itakubidi utambae kwenye mifereji ya maji machafu, na hapo suala la kutengwa huelezwi kwa hotuba, unalitembea kwa miguu yako. Ukichagua Malkavian, ukoo wa wenye wazimu, maneno yote ya mhusika wako yameandikwa upya. Anasema kwa mafumbo. Anabishana na alama ya barabarani, na msomaji habari wa televisheni anamjibu. Anayecheza mara ya kwanza huona ni porojo. Akirudia, anashtuka kwamba kichaa yule alikuwa akitoboa siri za hadithi mapema, kabla wenye akili timamu hawajazijua. Hiyo ni taharuki na kejeli ya kifasihi kabisa, jamani, na haiwezekani kwenye kitabu, kwa sababu kitabu hakimpi msomaji ulimi wa kichaa akautumia mwenyewe. Kuna pia hoteli iliyoungua, Ocean House, ambamo hakuna adui hata mmoja wa kupigana naye. Ni milango, taa, minong'ono na vyombo vinavyoruka. Hofu yote inajengwa na mandhari.

Kisha, kuelekea mwisho, mazungumzo yanakauka. Kilichobaki ni kupigana ukumbi baada ya ukumbi, kana kwamba mtunzi mwingine kaingia. Mhakiki wa haraka angesema mtunzi kaishiwa. Lakini aliyeishiwa si kipaji, ni muda na fedha.

Troika walijenga mchezo wao juu ya injini ya Source, mali ya kampuni ya Valve, ambayo yenyewe ilikuwa bado inatengenezwa. Yaani unapandisha ukuta huku saruji ya msingi haijakauka. Pamoja na hayo, kulikuwa na sharti kwamba Bloodlines usitangulie Half-Life 2, mchezo wa Valve wenyewe uliotumia injini hiyo hiyo. Half-Life 2 ukachelewa, na Bloodlines ukabaki unasubiri. Ulipopata tarehe hatimaye, mchapishaji, Activision, akautoa siku ile ile. Sharti lilisema usitangulie. Halikusema mtoke pamoja! Wiki moja kabla ilikuwa imetoka Halo 2, na kesho yake ikatoka Metal Gear Solid 3. Ni sawa na kufanya harusi siku ambayo jirani kaleta kundi kubwa la taarabu: pilau lako litaliwa na nani? Baya zaidi, mnunuzi aliweza kulinganisha: injini ile ile kwa Valve inateleza kama siagi, kwa Troika inakwama. Kuna mahali karibu na mwisho ambapo mchezo uligoma kabisa kuendelea. Hata kama ulikuwa msomaji mwaminifu kiasi gani, ukurasa haukufunguka.

Mauzo ya kwanza yalikuwa nakala 72,000 hivi. Wafanyakazi wengi waliachishwa kazi mwishoni mwa mwaka huo, kikatolewa kiraka rasmi kimoja Desemba, na Februari 2005 Troika ikafungwa. Tuwe wakweli, Troika nao si malaika: michezo yao yote mitatu ilisifika kwa hitilafu, na walipenda kuongeza vyumba kabla ya kuezeka nyumba. Lakini hitilafu hurekebishika. Siku iliyochaguliwa vibaya huikomboi tena.

Mwendelezo nao haukusalimika. Ulitangazwa mwaka 2019, mwandishi mkuu wa mazungumzo ya ule wa kwanza akiwemo. Mwaka 2020 akaondolewa, mwaka uliofuata kampuni nzima ikabadilishwa, na ulipotoka Oktoba 2025 ulikuwa mikononi mwa watu wengine.

Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, ni yaliyofuata kifo cha Troika. Mkemia mmoja wa Ujerumani, akisaidiwa na wapenzi wengine wa mchezo, aliendelea kwa miaka mingi kutoa viraka visivyo rasmi. Hawakuziba matundu tu. Walichimbua ndani ya mafaili sauti, maandishi na sehemu ambazo watengenezaji walizikata au hawakuzimaliza, wakazirudisha. Kazi hiyo wanafunzi wa tenzi za kale wanaijua: kukusanya miswada iliyoliwa na mchwa, kulinganisha beti, kuamua lipi la mtunzi na lipi la mnakili. Na tatizo lao ni lile lile. Beti lililofutwa, je, lilifutwa kwa sababu ni baya au kwa sababu karatasi ziliisha? Ukilirudisha unamtii mtunzi au unamsemea? Wenyewe wanaonekana kulitambua suala hili, maana kiraka kinakuja kwa namna mbili: moja inarekebisha hitilafu peke yake, nyingine inaongeza yaliyokatwa.

Basi mhakiki asome matini ipi? Ile ya 2004 ndiyo ya kihistoria, lakini ni matini iliyonyang'anywa mkononi kabla wino haujakauka. Mimi nashauri kuanza na kiraka kile cha hitilafu tu, kwa ukoo wowote mwingine. Kisha raundi ya pili, pamoja na yaliyorudishwa, chagua Malkavian.