Siku Moja Mjini na Mtoto Mdogo

Ni nani kati yetu wazazi asiyetamani kumwonyesha mwanawe mji mkubwa? Tumeweka faranga chache kando, na mtoto huuliza kila jioni: «Baba, tutakwenda lini?» Tamaa hiyo ni njema. Lakini siku ya furaha isipopangwa yaweza kugeuka siku ya machozi. Sisi wenyewe tulijifunza hivyo kwa uchungu.

Twakaa Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Élisabethville hadi mwaka 1966. Safari ya kwanza mtoto wetu alikuwa na umri wa miaka 4. Tulichagua siku moja ya mwezi wa kumi, bila kukumbuka kwamba huo ndio mwezi wa joto kali kwetu, kabla mvua hazijashika. Tulitaka aone yote kwa siku moja: kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, nyumba ya makumbusho, bustani ya wanyama, hata soko. Tuseme kweli: mpango ule haukuwa wa mtoto. Ulikuwa wa baba aliyetaka kujisifu mbele ya jirani.

Kanisani alitazama vema. Katika nyumba ya makumbusho tulimweleza habari za misalaba ya shaba, iliyokuwa fedha ya wazee wetu wa Katanga. Lakini alikuwa amekwisha kuchoka. Aliomba maji, nasi tukamwambia angoje. Saa nane mchana tulikuwa sokoni. Mama alichagua kitambaa, nasi tulihesabu faranga, na kila mmoja alidhani mwenzake amemshika mtoto mkono. Tulipogeuka, hayupo.

Tulimtafuta nusu saa. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amemketisha kando yake, naye amelia hata sauti imemkauka. «Nilimwuliza jina la baba yake,» akatuambia, «naye akanijibu tu: Baba.» Neno hilo lilituchoma moyo. Sisi tunaofundisha watoto wa wengine kusoma na kuandika, hatukuwa tumemfundisha wetu jina letu.

Mwaka uliofuata tulipanga namna nyingine. Tulichagua mwezi wa sita, wakati wa kiangazi, tukachukua sweta kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Juma zima kabla ya safari tulimfundisha mtoto jina lake, majina ya wazazi wake na mahali tukaapo, kisha tukayaandika katika karatasi na kuitia mfukoni mwake. Tuliuliza mapema saa za kufunguliwa mlango na bei ya kuingia. Tulibeba maji yaliyochemshwa, viazi na karanga. Tulipatana pia kwamba anayemshika mtoto aseme kwa sauti: «Ninaye,» wala mwenzake asimwachie mkono kabla ya kulisikia neno hilo.

Tena tulichagua mahali pamoja tu: bustani ya wanyama. Huko mtoto alisimama muda mrefu mbele ya nyani. Tabia ya kale ikaturudia, tukataka kumvuta akaone wanyama wengine. Mama akasema: «Baba, mwache. Siku hii ni yake.» Tukamwacha. Adhuhuri tulikula kivulini, na kabla hajachoka tukashika njia ya kurudi. Hakuona hata nusu ya bustani, lakini nyumbani alisimulia habari za nyani wale siku nyingi.

Basi, wazazi, pimeni safari kwa miguu ya mtoto, si kwa macho yenu. Mwenda pole hajikwai. Na kabla hamjafunga mlango wa nyumba, mwulizeni: «Jina lako nani? Baba yako ni nani? Wakaa wapi?» Akiisha kujibu, nendeni kwa amani.