Swali la Baba wa Garissa: Je, Ni Halali Mwanangu Kuhama Shule kwa Ajili ya Kandanda?



Mwaka uliopita nilialikwa Garissa kuhudhuria mahafali ya dugsi, kama wenyeji wanavyoiita madrasa. Niliondoka Malindi alfajiri, nikapita Garsen na Hola, na jua lilikuwa limeanza kupoa nilipovuka daraja la Mto Tana. Baada ya Swala ya Alasiri mwenyeji wangu alinichukua hadi kiwanja cha mchanga ambapo vijana wa sekondari walikuwa wakicheza kandanda. Miongoni mwao alikuwamo winga mmoja mwembamba, ambaye kila alipoupata mpira watazamaji walinyamaza.

Kando yangu alisimama mzee mfugaji, bakora mkononi. Mpira ulipotoka nje akanigeukia: "Sheikh, yule mwembamba ni mwanangu. Kuna watu wanamtaka. Niambie kama ni halali."

Nilimwomba anieleze. Shule moja ya mbali, nje ya kanda hii, ilikuwa imemtuma mtu. Iliahidi kumsomesha kijana bila karo hadi amalize kidato cha nne, kumpa viatu, sare na nauli, na kumkabidhi baba shilingi 30,000 mkononi. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, mwalimu mkuu wa shule yake asijue lolote mpaka mambo yakamilike. Pili, kwa kuwa kijana alikuwa ameupita umri unaoruhusiwa katika mashindano, atafutiwe cheti kingine cha kuzaliwa kitakachompunguzia miaka miwili.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa na uzito wake. Kijana alikuwa kidato cha tatu, na kwa miaka miwili shule ilikuwa ikimvumilia kwa deni la karo. Watu wa msikiti walimchangia kutoka katika zaka zao. Mwalimu anayeifundisha timu, ambaye halipwi chochote kwa kazi hiyo, alimnunulia viatu kwa fedha zake mwenyewe.

Nilimwambia mzee anipe muda hadi baada ya Isha. Swali lake halikuwa jepesi, na wala si lake peke yake.

Mashindano ya shule zetu hupanda kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Bingwa wa Kaskazini Mashariki, atokaye Garissa, Wajir au Mandera, huenda kukutana na shule za magharibi zenye jina kubwa kama Kakamega High na St Anthony's ya Kitale. Shule ikishinda huko, jina lake huandikwa magazetini na wazazi hupanga foleni mlangoni. Ndiyo sababu mguu wa kijana umekuwa na bei. Hata neno "mamluki", lililokuwa la askari wa kukodiwa, sasa ni la kawaida katika habari za michezo ya shule.

Na umaskini hulainisha masikio. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Mzee yule alipoteza ng'ombe wote, akabakiwa na mbuzi wachache. Karo iliyoidhinishwa kwa shule nyingi za bweni imekuwa shilingi 40,535 kwa mwaka, na 53,554 kwa zile za ngazi ya juu. Mtu anayehesabu mbuzi kwa vidole atalipaje?

Zaidi ya hayo, neno "uhamisho" lina kidonda chake katika nchi ile. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti za kaskazini mashariki. Madarasa yakabaki na watoto bila walimu. Mwalimu anayebaki leo, tena akafundisha mpira bila ujira, si mtu wa kuagwa kwa siri.

Wala tusidhani mtihani huu ni wetu pekee. Marekani, tangu tarehe 1 Julai 2021, wanamichezo wa vyuo vikuu wameruhusiwa kupata fedha kutokana na jina na sura zao, na kuhama chuo hadi chuo kumekuwa jambo la kila msimu. Wapo wanaolalamika kwamba utiifu umekufa. Lakini huko, angalau, fedha zimetolewa hadharani zikajadiliwa. Kwetu bado hupita gizani.

Baada ya Isha tulikaa barazani, mimi, mzee na kijana mwenyewe. Nikawaambia yafuatayo.

La kwanza, kuhama si dhambi. Imamu wetu Shafi alizaliwa Gaza, akalelewa Makka, akaenda Madina kusoma kwa Imamu Malik, akafika Iraki, na akafariki Misri. Lau kuhama kwa ajili ya elimu kungekuwa usaliti, tusingekuwa na madhehebu. Mwanafunzi si mali ya shule.

La pili, mlango una adabu yake. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kununua juu ya ununuzi wa nduguye, na kuposa juu ya posa yake. Kijana si bidhaa wala si mchumba, lakini hekima ya katazo ni ile ile: kuzuia chuki inayozaliwa pale mtu anapovutwa kwa siri kutoka mikononi mwa aliyemlea. Hata sheria za FIFA zinalitambua hili, kwani mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa vilabu vilivyomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ikiwa soko la dunia linakumbuka mlezi, Muislamu atamsahauje?

La tatu, zile 30,000. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka, naye aliporudi akasema hizi ni zenu na hizi nimezawadiwa. Mtume akamkemea kwa kuuliza: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi ile ingemfikia? Nikamuuliza mzee, "Mwanao akivunjika mguu kesho asubuhi, mtu yule ataleta bahasha?" Mzee aliinamisha kichwa. Basi zawadi ile ni ya mguu, si ya mtoto. Na mguu ukivunjika, ahadi ya masomo nayo itasimama au itavunjika pamoja nao?

La nne ndilo zito zaidi. Cheti cha uongo ni ushahidi wa uongo, na Mtume (s.a.w.) alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, akaketi wima alipofika kwenye hili, akalirudia. Isitoshe, kila aliyejipunguzia miaka amemnyang'anya nafasi mtoto mwingine mwenye umri wa haki.

La tano, dini ya kijana huko aendako. Je, ataruhusiwa Ijumaa? Ramadhani atafunga, au ataambiwa mechi kwanza? Nikamtajia kijana habari ya Husain Abdullah, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani aliyepitia Washington State University. Yeye na nduguye Hamza waliuacha msimu mzima wa 2012 ili wakahiji. Mwaka 2013 alirejea na kuchezea Kansas City Chiefs. Tarehe 29 Septemba 2014 alifunga, akasujudu uwanjani, mwamuzi akaiadhibu timu yake, na kesho yake ligi ikakiri kwamba adhabu ile haikustahili. Aliyemwekea Mungu sharti lake mbele hakukosa riziki.

Mwisho nikawapa kipimo kimoja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwambieni mtu yule aandike: karo hadi lini, akiumia itakuwaje, Ijumaa na Ramadhani zitakuwaje. Walimu wakuu wote wawili watie saini, na umri uandikwe wa kweli. Akikubali, nendeni kwa baraka za Mungu. Ahadi ni deni, na deni halali haliogopi karatasi.

Mzee alipiga simu siku iliyofuata. Mtu yule alisikiliza, akasema atarudi na jibu. Hakurudi.

Ndugu msomaji, ningeweza kuishia hapo nikajisifu. Lakini usiku wa kuondoka kwangu kijana alinisindikiza hadi kituo cha basi, akaniuliza kwa adabu, "Sheikh, sasa karo yangu italipwa na nani?" Sikuwa na jibu. Ni rahisi kwa sheikh kutamka haramu, kisha akapanda basi akarudi kwake. Yule mjumbe, pamoja na uongo wake, alikuja na fedha. Mimi nilikuja na maneno.

Nilipofika nyumbani nililieleza jambo hili kwa jamaa wa msikiti wetu. Tulikusanya karo ya muhula mmoja, tukaituma moja kwa moja shuleni. Muhula wa pili ulilipwa na wafanyabiashara wa soko la mifugo la Garissa. Kijana hakucheza mashindano ya shule mwaka huu, kwa kuwa umri wake wa kweli haumruhusu, na nimeambiwa lilimuuma sana. Jioni huwafundisha watoto kwenye kiwanja kile kile, na anajiandaa kwa mtihani wake wa mwisho.

Mfumo mpya wa elimu umeweka michezo miongoni mwa njia za masomo ya sekondari ya juu, hivyo maswali kama haya yatazidi kutujia. Enyi wazazi, msiwakaripie wanenu kwa kupenda mpira, wala msiwauze kwa sababu yake. Nanyi kamati za misikiti, itengeni sehemu ya zaka kwa karo za mafukara, mapema, kabla ya mwenye bahasha kubisha hodi. Tukimwambia kijana asiuze ukweli wake, tuwe tayari kuchangia gharama ya kuutunza.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali na ndimi za kweli. Amin.