Mlinzi Ana Thamani Gani Kwenye Basketi ya Fantasi?

Msimu wa 1995-96, Dikembe Mutombo alifunga wastani wa pointi 11 kwa mchezo akiwa na Denver Nuggets. Katika NBA hizo ni pointi za kawaida. Kila msimu wapo makumi ya wachezaji wanaozifikisha, na wengi wao hawakumbukwi tena. Lakini msimu huohuo, mwana huyo wa Kinshasa mwenye urefu wa mita 2.18 alizuia wastani wa mitupo 4.5 kila mchezo na kukusanya rebaundi 11.8. Anayesoma safu ya pointi peke yake atampita bila kumtazama mara mbili. Anayesoma safu zote atamgombania.

Katika ligi za fantasi, wanaoshinda ni watu wa aina ya pili. Mshiriki huunda timu yake kwa kuchagua wachezaji halisi wa NBA, na kila wanachofanya uwanjani hugeuzwa kuwa alama. Waliozoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza wataelewa upesi, ila kuna tofauti moja kubwa. Katika ligi nyingi za basketi, mchezaji mmoja huwa mali ya timu moja tu. Washiriki huchagua kwa zamu kabla ya msimu kuanza, na jina likishachukuliwa na mwenzako, limekwenda. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mchezaji ni hili: anachokupa, utakipata kwa nani mwingine?

Hapo ndipo mlinzi anapoanza kupanda bei. Wachezaji wanaofunga pointi 15 kwa mchezo ni wengi, na hata ukiwakosa wa juu, orodha bado ni ndefu. Wanaozuia mitupo miwili au zaidi kila mchezo huwa ni wachache mno katika ligi yenye timu 30, na wakishachukuliwa hakuna mbadala wao.

Tuchukue mfumo wa alama unaotumiwa na Yahoo. Pointi moja ya uwanjani inaleta alama 1, rebaundi 1.2, asisti 1.5, mpira ulioporwa alama 3, bloku (mtupo uliozuiwa) alama 3, na kila mpira uliopotezwa unapunguza alama 1. Tukipitisha msimu ule wa Mutombo katika mizani hiyo, bloku zake 4.5 zinazaa alama 13.5. Rebaundi zake zinazaa 14 na kidogo. Pointi 11 alizofunga zinabaki nyuma ya vyote viwili. Manute Bol, mrefu aliyetoka kusini mwa Sudan, ni mfano mkali zaidi. Katika msimu wake wa kwanza, 1985-86, akiwa Washington, alifunga pointi 3.7 tu kwa mchezo, lakini alizuia mitupo 5. Bloku hizo peke yake zingempa alama 15, mara nne ya alichopata kwa kufunga. Hadi anastaafu, Bol alikuwa na bloku 2,086 na pointi 1,599.

Mfumo wa pili ni wa vipengele, na humo mlinzi huwa na uzito zaidi. Timu mbili hupambana wiki nzima katika vipengele tisa: pointi, rebaundi, asisti, mipira iliyoporwa, bloku, mitupo ya pointi tatu, asilimia ya mitupo ya kawaida, asilimia ya mitupo huru, na mipira iliyopotezwa. Anayeongoza kwenye bloku anapata ushindi mmoja, sawasawa na anayeongoza kwenye pointi. Hesabu ni rahisi. Wachezaji tisa wa kawaida, kila mmoja akiwa na nusu bloku kwa mchezo, wakicheza michezo mitatu katika wiki watafikisha bloku 13.5. Mutombo wa 1996 angezifikisha peke yake katika michezo hiyohiyo mitatu.

Hata hivyo, ulinzi hasa si kitu kimoja na takwimu za ulinzi, na kuvichanganya huwagharimu wengi. Bruce Bowen wa San Antonio Spurs alichaguliwa mara nane katika vikosi bora vya ulinzi vya NBA na akatwaa ubingwa mara tatu, 2003, 2005 na 2007. Kazi yake ilikuwa kumganda mfungaji hatari wa upande wa pili, kumnyima nafasi na kumlazimisha atupe mitupo migumu. Makocha walimthamini sana. Lakini takwimu za maisha yake yote ni pointi 6.1, rebaundi 2.8 na mipira 0.8 iliyoporwa kwa mchezo. Mtupo ambao mshambuliaji aliukosa kwa sababu ya Bowen uliandikwa kwenye jina la mshambuliaji. Kwa timu ya fantasi, Bowen alikuwa karibu sawa na nafasi tupu.

Kwa hiyo sifa ya kuitwa mlinzi bora haitoshi. Lazima ulinzi wake uache alama kwenye karatasi ya takwimu, na karatasi hiyo inatambua mambo machache tu: bloku, mpira ulioporwa na rebaundi. Bloku na mipira iliyoporwa zenyewe zilianza kuhesabiwa rasmi na NBA msimu wa 1973-74, ndiyo maana bloku za Bill Russell, aliyetawala miaka ya 1950 na 1960, hazimo katika orodha rasmi. Kwenye orodha hiyo Hakeem Olajuwon wa Nigeria anaongoza akiwa na 3,830, na Mutombo anamfuata akiwa na 3,289.

Baada ya hapo linakuja suala la dakika. Kipaji kisichopewa dakika hakiandikwi popote.

Watanzania wanalijua hili kupitia Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alizuia mitupo 4.2 kwa mchezo katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili katika kundi zima, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Msimu wake wa kwanza alipata bloku 1.3 ndani ya dakika 13 tu za mchezo. Ukigawanya, ni bloku moja kila dakika kumi, kiwango cha kuheshimika. Lakini dakika hazikuongezeka, na kwa wastani wa maisha yake ya NBA alibaki chini ya bloku moja kwa mchezo. Aliyempanga kwa kutazama urefu wake na jina lake alipoteza nafasi.

Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville ambaye mama yake ni Mkongomani wa upande wa Kinshasa, alipata njia nyingine. Oklahoma City Thunder ilimpa takriban dakika 27 kwa mchezo msimu wa 2011-12, naye akaongoza ligi nzima kwa bloku 3.7, huku akifunga pointi 9.1 tu. Tarehe 19 Februari 2012, dhidi ya Denver, alimaliza mchezo akiwa na pointi 14, rebaundi 15 na bloku 11. Usiku mmoja kama huo unaweza kukupa kipengele cha bloku kwa wiki nzima.

Dakika zinaweza pia kufunguka ghafla. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alikuwa mchezaji wa akiba Toronto msimu wa 2015-16, akipata dakika 22, pointi 5.5, rebaundi 8 na bloku 1.6. Jonas Valančiūnas alipoumia wakati wa mtoano, Biyombo akashika nafasi yake, na Mei 2016 akavuna rebaundi 26 na bloku 4 katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Ligi nyingi za fantasi huwa zimekwisha kabla ya mtoano, lakini somo linafaa tangu Oktoba: jua ni mlinzi gani wa akiba yuko nyuma ya nani, ili wa mbele akiumia uwe wa kwanza kumchukua. Dyson Daniels alionyesha jambo hilohilo kwa upande wa walinzi wanaopora mipira. Alipohama kutoka New Orleans kwenda Atlanta mwaka 2024, dakika zake zilipanda kutoka 22 hadi karibu 34, na mipira aliyopora ikaruka kutoka 1.4 hadi 3 kwa mchezo. Hakuna aliyekuwa amefikisha wastani huo tangu Alvin Robertson msimu wa 1990-91.

Mlinzi ana gharama yake pia, na ni vema kuipima kabla ya kumchukua. Gharama kubwa ni mitupo huru. Ben Wallace, aliyekuwa mlinzi bora wa NBA mara nne kama Mutombo na Rudy Gobert, aliingiza asilimia 41.4 tu ya mitupo huru katika maisha yake yote ya NBA. Lakini usiangalie asilimia bila idadi. Tuseme wachezaji wako wengine wameingiza mitupo 80 kati ya 100. Mrefu wako akipewa mitupo 20 na kuingiza 10, timu inashuka hadi asilimia 75, na kipengele hicho kinaweza kupotea. Akipewa mitupo minne tu na kuingiza miwili, timu inabaki karibu asilimia 79. Mtupaji mbaya anayefika mstari mara chache hakuumizi sana. Anayefika kila mara ndiye mzigo.

Upande wa pili wa mizani kuna faida zinazosahaulika. Mlinzi mrefu hutupa karibu na kikapu, kwa hiyo huinua asilimia ya mitupo ya timu yako. Msimu wa 2021-22 Gobert aliingiza asilimia 71.3 ya mitupo yake na kuongoza ligi. Tena, kwa kuwa mlinzi mrefu hashiki mpira kwa muda mwingi, mara nyingi haupotezi ovyo. Washiriki wazoefu huunganisha warefu wawili au watatu wa aina hiyo, wakaachia kwa makusudi mitupo huru na pointi tatu, kisha wakawinda ushindi katika vipengele vingine. Mkakati huo hufaa kwenye ligi ya vipengele. Kwenye ligi ya alama hauna maana, kwa sababu huko kila kitu hujumlishwa pamoja.

Mashabiki wa Kivu, kuanzia Goma na Bukavu hadi Uvira, Baraka, Fizi na vijiji vya Ubwari, wana mtihani mwingine, nao ni mapenzi. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002, na ni haki watu wa mashariki kujivunia ubingwa alioutwaa na Golden State Warriors mwaka 2022. Lakini msimu wa 2023-24, aliofunga pointi 16.1 kwa mchezo, alipata bloku 0.5 na mipira iliyoporwa 0.7. Ni mfungaji, na achukuliwe kwa bei ya mfungaji. Anayetaka ulinzi wenye damu ya Kongo amtazame Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Katika msimu wake wa kwanza, huohuo wa 2023-24, aliongoza NBA kwa bloku 3.6 na kuongeza pointi 21.4, rebaundi 10.6 na karibu asilimia 80 ya mitupo huru. Kwa mizani ya Yahoo hiyo ni zaidi ya alama 50 kwa mchezo, hata baada ya kuondoa mipira aliyopoteza. Hatari yake ni afya: msimu uliofuata aliishia michezo 46 kwa sababu ya damu kuganda begani.

Saa nazo zihesabiwe. Mchezo unaoanza saa moja jioni New York katika majira ya baridi huanza saa nane usiku Baraka. Wengi watakuwa wamelala, na wengine hawana umeme wala mega za kukesha nazo. Kwa mshiriki wa huku, ligi ambayo kikosi hufungwa mara moja kwa wiki inafaa kuliko ile ya kupanga kila siku. Humo idadi ya michezo inatawala: mlinzi wa bloku 2 mwenye michezo minne atakupa 8, na yule wa bloku 2.5 mwenye michezo mitatu atakupa 7.5. Kagua ratiba kabla ya kukagua majina. Wala usimtimue mlinzi kwa usiku mmoja bila bloku, kwa maana bloku huja kwa mafungu, sita leo na sifuri kesho. Mpime kwa majuma matatu au manne.

Anayepanga timu msimu ujao aanze kwa kujua mfumo wa ligi yake, kisha amuulize kila mlinzi mambo manne: anaacha takwimu gani, ana dakika ngapi, mitupo huru yake inagharimu nini, na kuna wangapi kama yeye waliobaki. Kama ligi ni ya vipengele, achukue mzuiaji mmoja wa uhakika katika raundi tatu za mwanzo, kwa sababu wafungaji wa pointi 15 atawakuta bado wapo raundi ya sita.