Jicho Ukutani: Nani Mwengine Aonaye?

Nyumba ya Mswahili haikujengwa ovyo. Aliyepata kuingia majumba ya kale ya Lamu atakuwa ameona jinsi mlango usivyomfikisha mtu moja kwa moja kwa wenyewe. Kwanza kuna daka, pahala pa kukaa na mgeni. Kisha tekani, na hapo njia hupinda kabla ya kutokea kiwandani. Ndipo yaja makao ya watu wa nyumbani. Mpindo ule si pambo. Uliwekwa ili mpita njia, hata akiukuta mlango wazi, asione ila ukuta.

Hii ni kusema kwamba wazee wetu walijua wezi wa namna mbili: mwivi wa mali na mwivi wa jicho. Kwa yule wa kwanza waliweka mbao nzito na komeo. Kwa yule wa pili waliweka mpindo, pazia na hodi. Na sisi tuliokalia mkeka wa chuoni tulisomeshwa mapema kwamba Suratun-Nur, katika aya ya 27, yatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alipomgundua mtu akichungulia tunduni nyumbani kwake, alimfahamisha kuwa idhini haikuwekwa ila kwa ajili ya jicho.

Nayakumbusha haya kwa kuwa siku hizi tunatundika jicho ukutani kwa mikono yetu wenyewe. Ni kamera ndogo, isiyozidi kikombe cha kahawa, iliyounganishwa na intaneti. Kijana aliye Dubai au Maskati huweza kufungua simu yake akaona nani amesimama mlangoni kwa mamake Malindi, akasema naye hata wakaitikiana. Faida yake siikatai. Wezi wapo, wazee wengi wamebaki peke yao, na mwana aliye mbali hulala usingizi akijua kwamba mamake yu salama.

Bi mkubwa mmoja wa mtaani petu aliniita barazani kwake aniulize shauri. Mwanawe aliye Ghuba alitaka kumtilia kamera mbili, moja mlangoni na moja ukumbini anamokaa na wajukuu. Akaniambia, "Yeye kuniona si neno, ni mwanangu nimemzaa. Lakini nambie, mwanangu, ni nani mwengine anionaye?"

Sijasikia swali lililo bora kuliko hilo. Wauzaji hutueleza kamera yaona mbali kiasi gani na yaona gizani vipi. Hawatuelezi njia ya picha. Nyingi ya kamera hizi hazimpelekei mwenyewe picha moja kwa moja. Huzipeleka kwanza katika mashine za kampuni, pengine nchi za mbali, zikawekwa huko, na simu ya mwenye nyumba huzifuata huko huko. Basi mwenye nyumba ana ufunguo, na kampuni nayo ina wake.

Na je, kampuni imeutumiaje ufunguo huo? Tutazame Marekani, ambako mambo haya yamefika mbele ya sheria. Kampuni ya Ring, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2018, ni mashuhuri kwa kengele za mlango na kamera za nyumbani. Mwezi Mei 2023 tume ya serikali ya huko inayolinda wanunuzi, FTC, iliishtaki. Hati ya mashtaka ilisema kwamba mwaka 2017 mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya picha za wanawake wasiopungua 81, zilizotoka katika kamera za vyumba vya kulala na vya kuogea. Mfanyakazi mwenzake wa kike alipomripoti, mkubwa wao kwanza alijibu kuwa ni kawaida fundi kutazama picha nyingi. Ni baadaye, alipoona kwamba fundi huyo akichagua wasichana wazuri tu, ndipo jambo likapelekwa mbele.

Kampuni ilisema iliyatengeneza mambo hayo zamani, kabla ya serikali kuanza kuchunguza. Hata hivyo ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Mwaka uliofuata tume iliwagawia wateja zaidi ya 117,000 dola milioni 5.6. Pigeni hesabu: haifiki dola 50 kwa mtu. Hiyo ndiyo bei ya sitara iliyovunjwa.

Wala si ndani ya kampuni tu. Desemba 2019, katika jimbo la Mississippi, mtu asiyejulikana aliingia katika kamera ya Ring iliyokuwa chumbani kwa mtoto wa kike wa miaka 8, akazungumza naye akijidai ni Baba Krismasi. Kamera ile wazazi waliiweka ili imlinde mtoto. Mwaka 2022 Amazon yenyewe ilimjibu Seneta Edward Markey kwamba mwaka huo ilikuwa imewapa polisi picha mara 11 bila ya ridhaa ya wenyewe, ikisema ni mambo ya dharura.

Wengine nao wana yao. Mwaka 2019 Google ilikiri kwamba chombo chake cha ulinzi, Nest Secure, kilikuwa na kinasa sauti ambacho wanunuzi hawakuelezwa. Februari 2024 kampuni ya Wyze ilitangaza kwamba wateja wapatao 13,000 walionyeshwa katika simu zao picha za kamera zisizo zao. Huyo hakukusudia kuchungulia, lakini aliyefunuliwa amekwisha kufunuliwa.

Patakuwa na mwenye kuuliza: mbona bawabu pia hujua siri za nyumba? Kweli, hujua. Lakini bawabu twamjua yeye na kwao, hutuonea haya, na akikosa humwita mbele ya wazee. Mfanyakazi wa kampuni hatumjui kwa jina wala kwa sura, na hata akituona, sisi hatujui kwamba ametuona. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hiki kimepanda hata ukutani.

Kwa hivyo, shauri nililompa bi mkubwa nawapa na wasomaji. Kamera ikae nje, itazame mlango wako na isitazame dirisha wala ua wa jirani, kwani naye ana sitara yake. Isipite daka. Ukumbini, vyumbani na uani, pahala mwanamke avuapo buibui, haina haja. Ukiweza, nunua ile inayoweka picha katika kisanduku kilichomo nyumbani mwako. Ukinunua ya kampuni kubwa, muulize fundi kama picha zaweza kufungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuzifungua. Ring wanayo njia hiyo tangu 2021, lakini ni mwenye nyumba aiwashe mwenyewe. Na neno la siri lisiwe lile lile unalotumia kila pahala.

Sheria nasi tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha ya kila mtu na nyumba yake, na mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Data. Lakini sheria huja baada ya jicho kwisha kuona.

Kuziamini kampuni hizi? Tuziamini kama tunavyomwamini mgeni tusiyemjua: tumkaribishe barazani kwa heshima, tumpe kahawa, na pazia la ndani libaki limeshuka.