Seli ya Haidrojeni, si Seli ya Mafuta

Mkazi wa Handeni akiambiwa kuwa ndege ndogo isiyo na rubani huendeshwa kwa "seli ya mafuta", atatafuta harufu ya petroli. Hataipata, na haidrojeni, isiyo na harufu, ikivuja huweza kulipuka. Hiyo ndiyo hatari ya istilahi hii. Korogwe wanaelewa umeme wa gesi: kule Hale, mwishoni mwa miaka ya 2000, gesi ya mabaki ya mkonge ilichomwa katika injini ili kuzalisha umeme. Seli haichomi. Huunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewani, ikatoa umeme, joto na maji. Wala si betri, maana haihifadhi umeme, bali huuzalisha maadamu inalishwa gesi. Baadhi ya ndege hizo huruka saa mbili, ambapo za betri aghalabu hutua baada ya nusu saa. Tunapendekeza "seli ya haidrojeni". Zile za methanoli, ambazo nazo zipo, ziitwe kwa jina lake.